Nyundo ya mashine au presi ya haidroliki: ipi itangulie karakanani?

Anayefua chuma kwa mkono hufika mahali mkono wenyewe unakataa. Nondo ya milimita 16 unaweza kuichonga ncha kutwa nzima kwa nyundo ya kilo moja na nusu, na kesho ukaamka ukarudi kazini. Chuma cha mraba cha milimita 40 kitakula bega lako kabla hakijaanza kukutii. Hapo ndipo mhunzi, na msanii wa sanamu za chuma vilevile, huanza kuulizia mashine, na zinazotajwa huwa mbili: nyundo ya mashine na presi ya haidroliki.

Kwa mbali zinafanana. Zote zina dai mbili, yaani vile vyuma vya juu na chini vinavyokutana na kazi (kipande kinachofuliwa), na zote huchukua chuma kinene cha moto zikakirudisha chembamba. Ila zinakisukuma kwa njia zisizofanana hata kidogo, na aliyenunua isiyolingana na kazi yake hutumia miaka akiilazimisha ifanye ambacho haikuundwa kukifanya.

Niseme msimamo wangu mapema. Kama kazi yako kubwa ni kurefusha chuma, yaani mageti, uzio, ncha, majani, mashina ya maua, zana za mkono, chukua nyundo. Kama unaunda maumbo mazito, unaunganisha matabaka ya vyuma motoni, unatengeneza sanamu kutoka vipande vinene, au karakana yako imeegemea ukuta wa mtu mwingine, anza na presi. Yanayofuata ni sababu zake, na utazihitaji hasa kama kazi yako iko katikati ya hizo mbili.

Pigo na msukumo

Nyundo hufanya kazi kwa mwendo. Kichwa cha kilo 40 kinachotua kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde kimebeba nishati ya jouli 500, na nyingi yake inaingia kwenye chuma kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Uzito ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara mbili. Kasi ikizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kwa hiyo nyundo mbili zenye kichwa cha uzito uleule zaweza kuachana mbali sana kazini, na mnunuzi anayeuliza kilo tu bila kuuliza kasi anajua nusu ya habari. Nyundo nyingi za karakana hupiga mara 200 hadi 300 kwa dakika, na zile ndogo huvuka hapo.

Presi haina haraka. Nguvu yake ni eneo la pistoni mara shinikizo la oili, basi. Silinda ya kipenyo cha milimita 125 ikipata oili ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) hutoa tani 25 hivi, na tani hizo unazo tangu mwanzo wa safari ya pistoni hadi mwisho wake. Pigo la nyundo likiisha limeisha, ukitaka zaidi unapiga tena. Presi huendelea kusukuma mpaka chuma kisalimu amri au vali ya usalama ifunguke.

Ukitaka kuiona tofauti hii kwa macho, tazama ncha ya kipande. Chukua chuma cha mraba cha milimita 50, kipashe mpaka kiwe njano, kisha kipige kwa nyundo nyepesi ukikigeuza robo mzunguko kila mara. Ngozi ya nje inatembea, moyo unabaki nyuma. Ncha inazama katikati na kingo zake zinatangulia, mpaka inakuwa mdomo wa samaki uliofunguka. Ukishupaa ukaendelea, midomo hiyo hukunjana juu ya magamba ya chuma yaliyonaswa ndani, na hapo umejitengenezea ufa ambao hutauona mpaka siku utakayoisaga ncha ile. Kipande hichohicho kiweke chini ya presi yenye tani za kutosha: ubavu unatuna katikati, na ncha inatoka nje ikiwa mviringo. Moyo umekwenda pamoja na ngozi.

Nyundo nzito hufika moyoni pia. Mdomo wa samaki ni dalili kwamba kichwa ni kidogo kuliko kazi. Lakini nyundo inayofika moyo wa mraba wa milimita 75 ni mashine kubwa yenye msingi mkubwa, ilhali presi inayofanya hivyo huingia kwenye kona.

Viwanda vizito vilipitia swali hili zamani. Presi ya haidroliki ilipewa hataza Uingereza mwaka 1795 kwa jina la Joseph Bramah. James Nasmyth alipata hataza ya nyundo ya mvuke mwaka 1842, wakati kule Le Creusot, Ufaransa, nyundo ya namna hiyo iliyobuniwa na François Bourdon ilikuwa tayari inafanya kazi. Kisha yakaja mashindano ya ukubwa: Le Creusot walisimamisha nyundo ya tani 100 mwaka 1877, na Bethlehem, Marekani, wakaleta ya tani 125 mwaka 1891. Nyundo hizo zilitikisa ardhi na bado zilipata shida kufika katikati ya vipande vinene vya mizinga na mihimili ya meli, na muda si mrefu presi zikachukua kazi ile. Nyundo ya Le Creusot ingalipo, imesimama mjini kama kumbukumbu. Kwa chuma kikubwa, presi ilishinda. Kwa vyuma vya unene wa kidole au kifundo cha mkono, ambavyo ndivyo wengi wetu tunavyofua, bado kuna mjadala, na chanzo cha mjadala huo ni joto.

Joto ndilo linaloamua

Chuma laini cha kawaida huanza kufuliwa vizuri karibu na nyuzi 1,200 za Selsiasi, na kikishuka kuelekea 800 ni heri ukirudishe motoni. Kila mashine unayoinunua, kwa kweli unanunua kiasi cha kazi unachoweza kufanya kati ya namba hizo mbili, kabla chuma hakijapoa.

Dai ya nyundo hugusa kazi na kuondoka. Haipati nafasi ya kunyonya joto, na pigo lenyewe hugeuka joto ndani ya chuma. Kwenye kipande chembamba chini ya nyundo yenye kasi utaona rangi ikishikilia, wakati mwingine hata ikipanda kidogo. Ndiyo maana ncha ndefu ya nondo ya milimita 20 hukamilika kwa moto mmoja au miwili chini ya nyundo nzuri, na fundi bado ana muda wa kuinyosha.

Dai ya presi hukaa juu ya kazi. Ni chuma kikubwa cha baridi kilichoshikana na chuma cha moto kwa nguvu ya tani nyingi, na joto halina njia rahisi zaidi ya hiyo ya kukimbilia. Ukiinua presi baada ya sekunde mbili tatu utakuta mkanda wa rangi nyeusi pale dai ilipogusa, na pande zote mbili za mkanda huo chuma kingali chekundu. Kwenye mraba wa milimita 60 mkanda huo hauna neno, joto la moyoni linarudi juu na rangi inafufuka mbele ya macho yako. Kwenye bapa la milimita 8 moyo hauna joto la kurudisha. Umeshakipoteza, rudi motoni.

Kwa uzoefu wangu, kipande kikishuka chini ya milimita 12 hivi, presi huanza kukudai moto mwingi kuliko inavyokupa kazi, isipokuwa unakandamiza umbo mara moja tu kwenye dai zilizochongwa. Kanuni ya kupunguza hasara ni nyepesi: pasha dai kabla ya kuanza kwa kubana kipande cha chuma cha moto kati yao, sogeza dai ya juu karibu na kazi kabla hujakitoa chuma tanurini, na inua mara tu unapoona chuma kimeacha kutembea. Wanaoanza husahau hili la mwisho. Wanaendelea kukanyaga pedeli huku kazi ikipoa mikononi mwao.

Hapa pia ndipo presi nyingi za kujitengenezea hufeli. Mtu anachukua fremu na jeki ya lori ya tani 20, anapampu kwa mkono, na anashangaa kwa nini chuma kimepoa kabla hakijabonyea. Tani bila kasi hazifui. Presi ya kufulia inatakiwa ishuke karibu milimita 25 kwa sekunde inapokuwa kazini, na ikiwezekana zaidi ya hapo inapokaribia. Piga hesabu: silinda ile ya milimita 125 kwa mwendo huo inahitaji lita 18 hivi za oili kwa dakika, na kwa bar 200 kamili hiyo ni kazi ya kilowati 6 bila kuhesabu upotevu. Kama mota yako ni ndogo, tafuta pampu ya hatua mbili, ile inayomwaga oili nyingi kwa shinikizo dogo dai inaposhuka hewani, kisha hubadilika yenyewe ikatoa oili kidogo kwa shinikizo kubwa inapokutana na chuma. Mwuzaji akikutajia tani tu, mwulize kasi, kisha mwulize mota.

Nyundo si moja

Upande wa nyundo kuna familia tatu utakazokutana nazo zaidi. Zenye mikono ya chuma na springi huendeshwa kwa mkanda au gurudumu. Maarufu kuliko zote ni Little Giant zilizotengenezwa Mankato, Minnesota, zikipimwa kwa ratili, ya ratili 25 ikiwa na kichwa cha kilo 11 hivi na ya ratili 50 kilo 23. Ni mashine rahisi kuelewa na kutengeneza. Kasoro yake ni kwamba nafasi kati ya dai hupangwa kwa unene fulani, na kazi ikiwa nene mno au nyembamba mno kuliko hapo, pigo hudhoofika.

Nyundo za hewa zinazojikamulia hewa zenyewe, kama Nazel, Massey, Beche na Anyang, zina mota moja inayosukuma pistoni ya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua na kushusha kichwa. Hizi ndizo ninazozipenda. Fundi aliyezizoea huweza kugonga polepole kana kwamba anabembeleza, kisha bila kusimama akashusha pigo zito, na zinavumilia unene unaobadilika. Familia ya tatu hutegemea kompresa ya nje. Zinajengeka kirahisi, lakini usipoweka kompresa ya kutosha utafua dakika mbili na kungoja tatu.

Zote zinataka uzito chini. Kitako cha fuawe yake kiwe mara 10 hadi 15 ya uzito wa kichwa, na zaidi ya hapo ni faida. Kichwa cha kilo 40 kinadai kitako cha kilo 400 hadi 600, juu ya zege imara. Kitako kikiwa chepesi, sehemu ya pigo huzama sakafuni, na jirani ataihisi kabla hujaiona kwenye chuma. Presi haina habari na haya. Nguvu yake inazunguka ndani ya fremu yenyewe, kutoka silinda hadi meza na kurudi, na sakafu hubeba uzito wa mashine tu. Unaisikia pampu ikivuma na pengine magamba yakidondoka. Kwa anayefanya kazi katikati ya makazi, hoja hii peke yake hutosha kufunga mjadala, na sioni aibu kuamua kwa kelele. Nyundo huumiza masikio hata ukiwa pembeni. Viziba masikio ni vya kila aliye ndani ya karakana, si vya mpigaji peke yake.

Kwa anayetengeneza sanamu

Mwaka 1955 mchongaji David Smith wa Marekani alifanya mfululizo wa kazi alizoziita Forgings kule Bloomington, Indiana, akitumia nyundo ya mashine ya mhunzi. Ni fito za chuma zilizosimama wima, nyembamba, zimebanwa hapa na kunenepa pale, na ukizitazama unaona kabisa mahali pigo lilipotua. Kazi ya namna hiyo ni ya nyundo. Uso wake una mdundo. Kila pigo limeacha ukingo wake na mapigo yanafuatana kama mtu alikuwa akitembea juu ya chuma.

Presi huacha alama chache na nzito. Unaweza kushuka nusu ya safari, ukasimama, ukainama kutazama kama mkunjo unakwenda unakotaka, ukaendelea. Nyundo haikupi nafasi ya kufikiri katikati ya pigo. Kwa anayetaka kupinda bamba la milimita 25, kubonyeza shimo refu ubavuni mwa kipande kinene, kunenepesha ncha ya mhimili, au kunyosha chuma baridi kilichopotoka, presi ni mkono wa ziada ambao hauchoki. Eduardo Chillida, mchongaji wa Hispania aliyeacha vyuma vyake vitatu vimeng'ang'ania miamba ya San Sebastián mwaka 1977, alihitaji tanuru na mitambo ya kiwanda kizito kupinda unene ule. Karakana ya mtu mmoja haifiki huko, lakini ile hisia ya chuma kinene kilichokubali kupindwa huipati kwa kuchomelea mabamba. Presi ya tani 25 hukupa sehemu yake.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, nayo huvuta mizani upande wa presi. Ikiwa ya moto inakaza kuliko chuma laini cha joto lilelile, na nyundo ndogo hurukaruka juu yake bila kufika ndani. Vivyo hivyo wanaounganisha matabaka ya vyuma motoni: presi hubana matabaka yote kwa pamoja bila kuyatelezesha, na mshikamano wa kwanza hutoka safi. Ukitumia nyundo kwa kazi hiyo, mapigo ya kwanza yawe mepesi.

Na kwa wanaofua mabomba: usipashe wala usibane bomba lililozibwa ncha zote mbili. Hewa au unyevu uliomo ndani hupanuka na bomba hupasuka. Toboa tundu la kupumulia kwanza.

Dai na vifaa

Hapa presi ni mkarimu zaidi. Dai zake huingia na kutoka kwa sekunde, na kwa kuwa hazipigwi, unaweza kuzichomelea mwenyewe kutoka vipande vya chuma cha kawaida, ukajaribu umbo, ukalitupa likikukataa. Weka vizuizi pembeni, vyuma viwili vyenye urefu sawa, na kila kipande kitatoka na unene uleule hata kama umechoka. Vifaa vya nyundo lazima vihimili mshtuko. Kilichokazwa kupita kiasi huvunjika na kurusha kipande. Kwa sababu hiyohiyo usiache dai mbili zipigane zenyewe bila chuma kati yao, hasa asubuhi zikiwa baridi.

Zinavyoumiza

Nyundo inajitangaza, hivyo watu huiogopa kwa kadiri inavyostahili. Hatari yake kubwa ni kazi isiyolala sawasawa juu ya dai: pigo likitua, mpini wa koleo hurushwa juu au pembeni. Shika koleo ubavuni mwa mwili, mikia yake isielekee tumboni, na usiweke kidole kati ya mikia. Kwenye nyundo za springi, funga kinga mbele ya springi, kwa maana siku ikikatika haiulizi nani amesimama wapi.

Presi huumiza kimyakimya. Kipande kilichobanwa upande huruka kama risasi, na vibao vya kujazia nafasi vilivyopangwa bila kufungwa hufanya hivyohivyo. Mpira wa oili ukitoboka tundu dogo kama la sindano, oili hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji saa ileile. Usitafute uvujaji kwa kiganja. Zima mashine, toa shinikizo, kisha kagua. Oili hiyo inashika moto pia, na iko hatua moja kutoka kwa chuma chenye nyuzi elfu. Pitisha mipira nyuma ya fremu, iwekee ngao ya bati, na weka kizimamoto mahali unapoweza kukifikia bila kuvuka presi.

Ukikagua iliyotumika

Kwa nyundo, safisha grisi kwanza ili uone. Tafuta nyufa kwenye fremu na kwenye mifereji inayoshika dai, tikisa kichwa pembeni ukitazama kama kimelegea kwenye njia yake, kisha iwashe na uombe pigo moja jepesi. Isiyoweza kupiga polepole ina tatizo la vali, klachi au mpangilio, na lazima ujue ni lipi kabla hujalipa.

Kwa presi, usiridhike na kuiona ikibana katikati. Weka kipande cha moto ukingoni mwa dai, bana, kisha pima unene wa ncha zake mbili. Tofauti ya milimita moja inarekebishika kwa kukaza njia za kuongozea. Ikizidi tatu na fremu ikaonekana inapinda unapobana, fremu hiyo ni dhaifu kuliko silinda yake, na hakuna dai utakayoichonga ikakuficha kosa hilo.